Mtetea Amkagua Simbilisi

Siku ya pili tangu Simbilisi ahamie bandani, Mtetea aliingiwa na shaka, akamgeuza huku na huku.

"Nyuma ya masikio huna manyoya. Upele huo!"

"Ndivyo tulivyo, dada."

"Vidole vinne mbele, vitatu nyuma. Vingine umevificha wapi?"

"Ndivyo tulivyo."

"Na machozi meupe?"

"Ya kunawia uso," akajibu Simbilisi kwa sauti iliyofifia.

Mtetea hakusadiki hata moja. Lililompendeza ni hili tu: tangu jana mgeni hakugusa majani aliyowekewa.

"Angalau si mlafi," akamwambia Mbuzi.

Mbuzi akashtuka. "Simbilisi asiyetafuna ni mgonjwa! Mwite daktari upesi!"

Mtetea akamtazama kwa jicho la pembeni. "Sema tu unayataka majani yake."

Kulipokucha, majani yalikuwa vilevile. Mbuzi hakuyagusa, wala Simbilisi hakuamka.