Simba Aliyepigwa Upogo

“Nitolee lile birika la dirishani,” binti alisema. “Nikishaliona, ndipo nitawaita polisi.”

Mzee muuza vyombo vya kale alilitoa taratibu. Baba wa binti alibaki karibu na mlango, kofia mkononi.

“Twende zetu, mwanangu. Kelele hazitamfufua mama yako.”

“Baba, wewe nishuhudie tu.”

Alitoa mkobani birika la mama yake, akayalaza yote mawili chini ya taa, vitako vikitazama juu. Mama alilileta hapa alipougua, aliuze alipie upasuaji. Mzee huyu aliliangalia kwa lenzi, akamwambia ni risasi iliyopakwa fedha. Mama alirudi nalo nyumbani, akafa kabla ya mvua. Tangu hapo binti alijifunza alama ambazo mafundi hugonga kwenye vyombo vya fedha, peke yake, kwa subira ya mtu anayenoa kisu.

“Tazama hili lako. Simba, maana yake fedha safi. Herufi hii ni ya mwaka, hii ya fundi. Lakini simba kapigwa upogo, mguu mmoja haukutokea. Alama hugongwa kwa mkono, hakuna mbili zinazokosewa sawasawa. Haya, tazama la mama.”

Simba yule yule, upogo ule ule, mguu ule ule haupo. Ila kingo zake zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika.

“Ni nakala,” mzee alikubali. “Imemiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kwa hili langu.”

“Langu, anasema! Uliingia na la mama chumba cha nyuma, ukatoka na bandia. Mwizi mkubwa wee! Umemuua mama yangu, na leo duka hili unalifunga.”

Mzee hakupandisha sauti.

“Binti yangu, kalibu na kumimina ni kazi ya siku kadhaa. Mama yako alikaa hapa muda wa kunywa maji. Nakala alikuja nayo mwenyewe. Birika halisi nilikuwa nimeshalinunua kabla yake. Nilipomwona nayo nikaelewa, nikashindwa kumwambia. Alikuwa na mzigo wa kumtosha.”

“Ulilinunua kwa nani?”

 Macho ya mzee yalipita juu ya bega la binti hadi aliposimama baba yake, na nyuma yake binti akasikia kitasa cha mlango kikizungushwa polepole.