Raba za Tororo

Agosti 1965, saa tatu asubuhi, nafasi moja ilikuwa imebaki kwenye lori la walokole wa Malaba waliokuwa wakivuka kwenda Tororo kuhubiri kwa wiki mbili.

"Dada Amoding," mchungaji akauliza, "nini kinakupeleka Uganda?"

Wenzake wote walikuwa wamejibu kwa aya. Yake alikuwa ameikariri mwezi mzima. Lakini jirani yake, aliyekwenda mwaka uliopita, alikuwa ameshaketi ndani ya lori, amevaa zile raba nyeupe alizorudi nazo.

"Ni hizo raba, mchungaji. Hata kisimani anazivaa! Nami nataka kurudi nikitazamwa."

Wanawake wakacheka. Mchungaji hakucheka.

"Huyu ametubu mbele ya watu. Panda, dada."

Amoding akapanda. Jirani akaivuta miguu yake chini ya benchi.