Kunde za Saumu

Haya nilisimuliwa na somo yangu Mashavu, mwaka jana tukichambua mchele.

Saumu alipewa kazi na watu wa stesheni mpya ya treni: akae kwenye kichochoro cha mtaani kwao siku tatu, kila anayepita amtilie kunde moja kwenye kopo. Wapitaji wakiwa wengi, wataacha kivuko. Wakiwa wachache, ukuta wa reli utaziba kichochoro.

Mwezi ulipokwisha karatasi ikabandikwa: ukuta.

Jioni ile alikuja jirani yake, Bi Tausi, na ule mguu wake mbovu.

"Saumu mwanangu, mimi napita pale mara ngapi kwa siku?"

"Nne, mama."

"Uliniwekea kunde?"

Saumu akainama. "Nyinyi sikuwatia. Mtu hahesabu watu wake, ni kuwaitia mabaya. Nilihesabu wageni tu."

Bi Tausi akacheka kidogo. "Basi umetupenda mpaka umetufungia njia. Kisimani nitazunguka na mguu gani?"

"Kesho nitakwenda kuwaambia."

"Nenda. Na mimi unihesabu. Uzee wote huu, baya gani litanikuta?"

Bi Tausi alipoondoka, Saumu alichukua kopo akaketi kitandani. Akawa anataja majirani mmoja mmoja, kila jina na kunde yake. Alipofika kwenye jina la Bi Tausi mkono ukagoma. Akapitiwa na usingizi hivyo hivyo, kopo ubavuni, kunde moja ameifumbata kiganjani.