Nyundo ya Bi Sikudhani

Dalali wa mahakama aliuacha mkokoteni ng'ambo ya ukuta, akaingia kwa Shaweji na wabebaji wake kukamata mali. Nyuma yao akaja jirani, Bi Sikudhani, na nyundo mkononi.

Shaweji aliitazama nyundo ile kwa chuki. Mahakama ilimwamuru aubomoe ukuta aliozibia uchochoro wa jirani yake. Akakata rufaa, akashindwa. Akakata nyingine, hata wakili wake akamkimbia. Safari hii jaji alifoka: rufaa haina kichwa wala miguu, alipe gharama zote za mama huyu, hadi nauli yake ya kuja kortini.

"Ubomoe kwa mkono wako," alisema Bi Sikudhani, "gharama nakusamehe."

"Nife kwanza!" Shaweji akaipokea nyundo, akaivurumisha ng'ambo ya ukuta.

Wabebaji wakatoka na kabati la marehemu mama yake. Ukutani wakakwama.

"Tupite wapi na kabati hili, mzee?" wakamuuliza Shaweji.

Bi Sikudhani ndiye aliyejibu.

"Zungukeni kwenye mtaro wa maji machafu. Ndiko alikonilazimisha kupitisha jeneza la mume wangu."

Kabati likageuzwa. Kwenye kioo chake Shaweji akauona uso wake, na nyuma yake ukuta, mzima, hauna hata ufa.