Mtoto Aliyesemekana Amenona

Chepyegon hakuwa na maziwa, hakuwa na yai, hakuwa na maharagwe, hata nguvu ya kulia hakuwa nayo. Alikuwa na ugali, chai ya rangi, na mashavu yaliyojaa.

"Huyu amenona kama chifu," majirani walimtania mama yake.

Asubuhi moja nilimpakata Chepyegon, mjukuu wangu, nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Nilingoja lijae. Halikujaa.

"Huu si unono," nikamwambia mama yake, mke wa mwanangu mkubwa. "Ni maji. Damu ikikosa protini haiwezi kuyashika, yanavuja mwilini. Tulifundishwa gumbaru, kwenye masomo ya watu wazima."

"Na siku ulipomtoa ng'ombe, Baba, gumbaru ilikuwa imefungwa?"

Ng'ombe wetu wa pekee wa maziwa nilimchagua mwenyewe, miezi minne iliyopita, awe mahari ya mwanangu wa mwisho, ili wakwe zetu wa kule Chebunyo wasituone maskini.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," nikasema.

"Nitampeleka. Akitoka huko atakunywa nini?"

"Nitawaandikia wamrudishe."

"Ng'ombe wa mahari? Si utakuwa umevunja ndoa ya shemeji yangu?"

"Najua."

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, bila salamu ndefu: "Tunaomba ng'ombe wetu. Mkiona ni lazima, mchukueni binti yenu."

Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikaitumbukiza kwenye sanduku la barua la posta.