Mlango Uliorudi na Kufuli

Mawimbi yaliyoumeza mtaa sasa yalikuwa yakiutapika vipande vipande, na desturi ya ufuoni ni moja: atakayekifunga kitu kamba kwanza, ni chake. Shomvi alikuwa ameshaufunga kamba mlango mmoja uliotupwa ufuoni na kufuli lake, Kombo alipomrukia.

“Mlango wa mama yangu huo!”

“Kitu cha bahari hakina mama, kina kamba,” Shomvi akajibu, akamchapa bapa la panga shavuni.

Kombo akaanguka, akainuka na jiwe, akamponda nalo mdomo. Meno yakamwagika mchangani. Watu wakawaamua.

“Kama ni wenu, fungua hilo kufuli,” mmoja wao akamwambia Kombo.

Kombo akamgeukia mkewe. “Mize, lete ufunguo.”

“Ulipotea,” Mize akasema, huku mkono ukikimbilia pindo la kanga.

Kombo akalivuta pindo mpaka likachanika, akauchomeka ufunguo kwa mkono wa kushoto. Kufuli likaachia. Watu wakashangilia.

Yeye hakushangilia. Kufuli lile hufungwa kwa nje.

“Uliniambia mama alitoka kabla maji hayajaja.”

“Alikuwa anatangatanga, Kombo. Nilikwenda sokoni mara moja tu.”

Jiwe lilikuwa bado katika mkono wa kulia wa Kombo, likidondosha damu ya Shomvi.