Kina cha Kisima cha Nne

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Mlio ulimfikia kabla hajafumbua macho. Mhandisi wa visima alikuwa amelaza kichwa mezani, simu ya spika karibu na sikio, na mlio ule ulitoka humo, kutoka kilomita ishirini nje ya mji.

"Bomba bado linagonga," alisema fundi pampu. "Unasikia, dada? Saa sita mchana uliyosema maji yatashuka imeshapita. Huku mambo ni maji ya shingo."

"Umepima?"

"Nimeteremsha kamba kwa mkono wangu. Kisima cha nne, maji yako mita sitini na mbili chini, vilevile ulivyosema. Kompyuta yako haikukosea hata kidole. Sasa mbona linagonga?"

Mhandisi aliinua kichwa. Kaka yake alikuwa kule kwenye mgodi ulio kando ya kisima cha nne tangu juzi, zamu yake haijaisha. Asubuhi mama yao alipiga simu, hata hakusalimu: "Mwanangu, kaka yako anarudi lini?" Akamjibu, "Leo, Mama." Alijibu hivyo kwa kuitegemea kompyuta.

Akairudia skrini. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuikata ardhi yenye maji katika miraba ndani ya kompyuta, kila mraba upana wa hatua mia, na kila mraba kuupa namba moja ya kina cha maji. Kisima chenyewe kina upana wa shibiri. Ndani ya mraba ule ni sindano iliyochomekwa kwenye godoro.

Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

Pampu ikivuta, maji ya kisimani hutangulia kushuka. Ya pembeni hubaki juu, kama mchanga uliochotwa katikati. Yeye aliichukua namba ya kisima akaiandika kuwa ya mraba mzima. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, limefanywa na mtu mwenye vyeti vinne ukutani.

"Fundi," alisema. "Kamba yako inasema kweli ya shimo tu. Pembeni maji bado yako juu. Mita tatu nzima."

"Mita tatu! Mungu wangu."

"Washa cha tatu, cha tano na cha sita. Vyote, mpaka mwisho."

"Hivyo ni vya mji, dada! Na matangi yamejaa pomoni. Maji nitayapeleka wapi?"

"Yamwage mtaroni."

"Na matangi yakiisha, watu waamke na ndoo tupu? Mkuu atanichuna ngozi, aitandike mlangoni."

"Mwambie nimekuamuru mimi. Vikauke vyote, fundi! Vikauke hata chura akose pa kulowesha mguu!"

Pampu zikanguruma, moja, ya pili, ya tatu. Mhandisi akaingiza namba iliyo sahihi, mara akibonya siyo, mara akifuta. Akaendesha hesabu upya. Jibu likaja: maji yatashuka saa kumi na moja jioni.

"Dada," fundi aliita taratibu. "Mlio unafifia."

Ngo, ngo. Kimya kirefu. Ngo.

Alisimama kwa ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Iweke simu kwenye mdomo wa bomba linaloshuka mgodini. Ongeza sauti."

Akasikia upepo, kisha mwangwi wa pumzi zake mwenyewe ukimrudia.

"Kaka!" alipaza sauti. "Endelea kugonga, usilale! Saa kumi na moja hayo maji ya shingoni yatakuwa chini ya magoti yako. Utatembea mpaka mlango wa mgodi, na utanikuta nimesimama hapo. Nakuahidi."